Alice Eastwood na majani makavu 1,497

Bandugu wa agro na wa bioloji, wote tunajua mateso ya TP ya botanike: unapewa tawi, una dakika tano, andika familia, jenasi na spishi. Leo tuongee juu ya mahali ambapo ile kazi ni ngumu zaidi, kule magharibi mwa Marekani, kwenye pwani ya bahari ya Pasifiki na milima iliyo nyuma yake. Vichaka vyake vya porini vinatoa maua mazuri sana, lakini kuvitambua kulichukua zaidi ya miaka mia moja, na karibu kila kitu kipotee asubuhi moja.

Wageni wa kwanza waliandika haraka haraka. Mwaka 1792 daktari Mskoti Archibald Menzies, aliyesafiri na meli ya George Vancouver, aliona rododendro ya pwani yenye maua ya waridi. Mwaka 1806 Meriwether Lewis, katika safari yake na William Clark, alikusanya matawi kando ya mto Columbia. Baadhi ya zile sampuli Frederick Pursh alizipeleka London, na kule mwaka 1814 akatoa kitabu chenye majina mapya ya Kilatini. Mwaka 1825 akafika David Douglas, aliyetumwa na Shirika la Kilimo cha Bustani la London kutafuta mimea ya kupamba bustani za Waingereza. Huyo ndiye anasifiwa sana, na ni kweli alitembea vibaya sana, lakini mimi naona tunampa sifa nyingi kupita kiasi. Vingi kati ya vichaka alivyopeleka Ulaya vilikuwa vimeshaonwa na Menzies na Lewis.

Na wenyeji walivijua kabla ya wote hao. Kuna kichaka kimoja cha majani magumu ya kijani, maua madogo kama vikengele, matunda meusi. Wachinook wa mto Columbia walikausha yale matunda na kuyakandamiza kuwa mikate ya kula wakati wa baridi. Lewis alilisikia jina lao, akaliandika vile alivyoweza, na Pursh akalitia ndani ya Kilatini: Gaultheria shallon. Neno «shallon» ni la kwao. Neno «Gaultheria» ni heshima ya daktari mmoja Mfaransa wa Quebec, Jean-François Gaultier, na Quebec iko upande mwingine kabisa wa bara lile! Yule Mchinook aliyetaja jina hakuandikwa popote.

Sasa shida inaanzia hapa. Jina la mmea linashikiliwa na sampuli. Mtu akitoa jina jipya, kuna tawi moja lililokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ambalo linabaki shahidi. Wataalamu wanaliita tipi. Kitabu kinaweza kukosea, mchoro unaweza kudanganya, lakini ukibishana na mwenzako, mnaenda kwenye herbari, mnafungua karatasi na kuangalia tipi. Ya vichaka vya Pasifiki nyingi zilikuwa London au mashariki ya Marekani. Mtu wa California akitaka uhakika alipaswa kusafiri majuma mengi. Sisi tunaielewa hiyo hali: tuko na herbari kubwa pale Yangambi, lakini tipi nyingi za mimea ya Kongo ziko Meise, Ubelgiji.

Njo pale anaingia Alice Eastwood. Alizaliwa Toronto mwaka 1859, akasoma sekondari Denver, kisha akawa mwalimu wa shule. Chuo kikuu hakukanyaga kama mwanafunzi. Likizo zake alizimalizia kwenye milima ya Colorado akikusanya mimea, na vitabu alijisomea mwenyewe. Mwaka 1892 Katharine Brandegee alimwita San Francisco, kwenye Akademia ya Sayansi ya California, na baada ya muda mfupi Eastwood akawa msimamizi wa mimea pale.

Kichaka alichokishughulikia sana ni manzanita. Jina ni la Kihispania, maana yake tofaa dogo, juu ya vile matunda yake yalivyo. Jenasi ni Arctostaphylos. Kujua kwamba hii ni manzanita ni rahisi: gome jekundu laini linalobambuka, majani magumu ambayo mara nyingi yanasimama wima kukwepa jua kali, maua meupe au ya waridi yenye umbo la mtungi mdogo ulioinamishwa. Lakini ni manzanita ipi? Ziko spishi kama 60, karibu zote za California, na zinachanganyika zenyewe kwa zenyewe. Unapaswa kuinama uangalie shina: je, kuna nundu pale chini? Zenye nundu zinachipuka tena baada ya moto. Zisizo nayo zinakufa, na mbegu ndizo zinaanza upya. Halafu unaangalia vijani vidogo vinavyoshika kishada cha maua, unaangalia manyoya ya matawi machanga. Bila sampuli ya kulinganisha utabahatisha tu.

Mwaka 1905 Eastwood alitoa jina la Arctostaphylos franciscana, kichaka kinachotambaa chini, kilichoota ndani ya mji wenyewe wa San Francisco. Kilipenda mawe ya serpentini, udongo wenye magnesi na nikeli nyingi ambao mimea mingi haiuvumilii. Ndugu wa Katanga mtaelewa mara moja: ni kama yale majani ya vilima vya shaba, yanaota vizuri pale mengine yanakufa.

Eastwood alikuwa na tabia moja. Desturi ilikuwa kuchanganya tipi na sampuli zingine, kila moja kwenye familia yake. Yeye akazitenga kwenye kabati lake peke yake.

Tarehe 18 Aprili 1906, saa kumi na moja alfajiri, ardhi ikatetemeka. Eastwood alipofika Akademia kwenye barabara ya Market, moto ulikuwa unakuja na ngazi za marumaru zilikuwa zimebomoka. Herbari iko ghorofa ya sita. Akiwa na mwenzake Robert Porter akapanda kwa kushika vyuma vya pembeni ya ngazi, akiweka miguu katikati ya vile vyuma. Hakukuwa na wakati wa kuchagua, na hakuhitaji kuchagua: kabati moja tu. Wakafunga mafurushi, wakayateremsha kwa kamba mpaka chini. Zikaokoka sampuli 1,497. Zingine zote ziliungua, na nyumba yake pia, na vitabu vyake. Kitu chake mwenyewe alichotoka nacho ni lenzi ya mkononi.

Miaka iliyofuata alizunguka herbari za mashariki ya Marekani na za Ulaya akisoma, mpaka Akademia ilipomrudisha kazini mwaka 1912. Akaanza kukusanya upya. Alistaafu mwaka 1949, akiwa na miaka 90, na herbari ilikuwa imepata sampuli zaidi ya 300,000.

Na kile kichaka cha mji? Mji ulikua, mawe yakajengwa juu. Mahali pake pa mwisho palikuwa makaburi ya Laurel Hill. Mwaka 1947 katapila zikasawazisha pote. Watu wachache waliwahi kuchukua miche na kuipanda kwenye bustani za botanike, lakini porini wataalamu waliandika: kimekwisha.

Mwaka 2009, wakati wa kujenga upya barabara inayoelekea kwenye daraja la Golden Gate, miti ilikatwa pembeni. Mtaalamu mmoja wa ekolojia akipita na gari akaona kichaka kinachotambaa juu ya jiwe, kimoja tu. Wakalinganisha majani na maua, baadaye hata chembe za urithi. Ilikuwa franciscana. Januari 2010 walikihamisha pamoja na udongo wake, mzigo wa tani kama 10, mpaka sehemu nyingine ya Presidio. Mwaka 2012 serikali ya Marekani ikakiweka kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini kutoweka. Mahali kilipo hawatangazi, wasije watu wakakikanyaga.