Shokola na ulimi: safari ya utamu kutoka Bristol hadi Mutwanga

Mashariki mwa Congo, katika maeneo ya Beni, Mambasa na Irumu, kakao inajulikana kwanza kwa mizani. Mkulima anafika na mfuko wake, mnunuzi anaingiza mkono ndani, anashika punje, anainusa, anaivunja, halafu anataja bei. Wengi wa wakulima hao, na leo wengi wao ni wahami wa vita, hawajawahi kula shokola iliyotoka kwenye kakao yao wenyewe. Wanachokijua mdomoni ni ule utelezi mweupe unaozunguka punje mbichi, ambao watoto hunyonya shambani wakati wa mavuno.

Lakini bei ile inayotajwa mbele ya mizani ina historia ndefu. Inatoka kwa watu wa mbali ambao, kwa karibu miaka 180, wameonja vipande vya shokola na kubishana kipi ni kizuri na kipi ni kibaya. Kuifahamu historia hiyo kunamsaidia mkulima ajue kitu gani hasa anauza.

Zamani shokola ilikuwa ya kunywa

Mti wa kakao asili yake ni bara la Amerika. Watu wa huko, kama Wamaya na Waazteki, walikunywa kakao, hawakuitafuna. Wahispania waliileta Ulaya katika karne ya 16, na kwa miaka mingi ikabaki kinywaji cha matajiri.

Mwaka 1828, huko Amsterdam nchini Uholanzi, jamaa ya Van Houten ilipata hati ya mashine ya kukamua mafuta ya kakao na kubakiza unga. Mafuta hayo ndiyo yaliyofungua njia. Mwaka 1847, kampuni ya Fry ya mji wa Bristol, Uingereza, ilichanganya unga wa kakao, sukari na mafuta yale ya kakao, ikapata kitu kigumu cha kutafuna. Hapo ndipo kipande cha shokola kilipozaliwa. Kilikuwa kichungu na cha kukwaruza ulimi.

Waswisi wakakilainisha. Mwaka 1875, Daniel Peter wa mji wa Vevey alifaulu kutia maziwa ndani ya shokola. Mwaka 1879, Rodolphe Lindt wa mji wa Bern alitengeneza mashine ya kuisugua shokola kwa saa nyingi mpaka inateleza mdomoni bila chenga. Mmarekani Milton Hershey alitoa kipande chake cha maziwa mwaka 1900, na Cadbury wa Uingereza akatoa Dairy Milk mwaka 1905.

Kila nchi na ulimi wake

Hapo ubishi ukaanza. Shokola ya Hershey ina uchachu kidogo unaotokana na maziwa yake. Mmarekani aliyekulia nayo anaitafuta ladha hiyo, lakini watu wengi wa Ulaya wakiionja wanakunja uso. Mwingereza anapenda maziwa mengi na sukari. Mbelgiji anajivunia shokola iliyojazwa kitu laini ndani, ambayo Jean Neuhaus aliianzisha Brussels mwaka 1912. Ni kama ugali wa muhogo na ugali wa mahindi: kila mtu anatetea sahani ya mama yake.

Ubishi huo ulifika hadi kwenye sheria. Uingereza, Ireland na Denmark zilipoingia katika Jumuiya ya Ulaya mwaka 1973, zilikuwa zinaruhusu viwanda kutia mafuta mengine ya mimea katika shokola, pamoja na yale ya kakao. Ubelgiji, Ufaransa na nchi nyingine zikasema hiyo si shokola ya kweli. Watu wakaiita "vita ya shokola", na iliendelea karibu miaka 30. Mwaka 2000 sheria ya Ulaya iliruhusu mafuta ya aina sita, yakiwemo mawese, yasizidi sehemu 5 kwa 100, na yaandikwe wazi kwenye karatasi ya nje. Italia na Uhispania ziliendelea kukataa jina la shokola kwa bidhaa hizo, mpaka Mahakama ya Ulaya ikaziambia mwaka 2003 kwamba zimekosea.

Kwa mkulima wa kakao, vita hiyo haikuwa mchezo wa wazungu. Kila gramu ya mafuta mengine inayoingia kiwandani inachukua nafasi ya gramu ya mafuta ya kakao.

Namna waonjaji wanavyofanya kazi

Leo kuna mashindano ya shokola kila mwaka katika miji mikubwa ya dunia, na kazi ya kuonja ina utaratibu wake. Muonjaji anaangalia kwanza: uso wa kipande unatakiwa kung'aa, bila madoa meupe. Anakivunja karibu na sikio: shokola iliyogandishwa vizuri inalia "kak". Ananusa. Halafu anaweka kipande kidogo juu ya ulimi na kukiacha kiyeyuke bila kutafuna, maana mafuta ya kakao yanayeyuka karibu na joto la mwili. Anatafuta uchungu, uchachu, harufu ya matunda, ya maua au ya njugu. Kati ya kipande kimoja na kingine anakunywa maji.

Anatafuta makosa pia: ladha ya moshi, ya ukungu, au ya kitu kilichooza. Na hapa kuna jambo ambalo wakulima wengi hawakuambiwa. Makosa hayo mara nyingi hayatoki kiwandani. Yanatoka shambani.

Punje mbichi ya kakao haina ladha ya shokola. Inapata mwanzo wa ladha hiyo wakati wa kuvundikwa. Punje zinawekwa ndani ya masanduku ya mbao au kufunikwa kwa majani ya migomba kwa siku 5 hadi 7, zinapata moto zenyewe, na zinageuzwa ili zote zichache sawasawa. Baadaye zinaanikwa juani mpaka maji yabaki sehemu 7 au 8 kwa 100. Zikitolewa mapema zinabaki na rangi ya kijivu ndani, na shokola yake inakuwa chungu na ya kukausha mdomo. Zikikaushwa juu ya moto wa kuni, moshi hautoki tena. Ndiyo sababu wapimaji huchukua punje 300, wanazipasua katikati na kuhesabu zenye ukungu na zenye kijivu. Kakao ya daraja la kwanza haitakiwi kupita punje 3 zenye ukungu katika kila 100, na zile za kijivu vilevile.

Kakao yafika Beni

Ikumbukwe kwamba wakati wa ukoloni, kakao ya Congo ilijulikana zaidi upande wa magharibi, kule Mayombe. Beni na Ituri zilijulikana kwa kahawa. Ugonjwa wa kunyausha mikahawa ulipoharibu mashamba, hasa katika miaka ya 1990, wakulima wengi waligeukia kakao. Udongo na mvua vikakubali.

Ladha yake ikaanza kutambulika mbali. Kampuni ya Original Beans ilitoa kipande kinachoitwa Cru Virunga, chenye kakao sehemu 70 kwa 100. Kiwanda cha Theo cha Seattle, Marekani, kilitengeneza shokola ya kakao ya Congo pamoja na shirika la Eastern Congo Initiative, lililoanzishwa na mwigizaji Ben Affleck mwaka 2010. Na huko Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori, kiwanda kidogo kinachotumia umeme wa maji wa mradi wa mbuga ya Virunga kilianza kutengeneza shokola palepale kakao inapolimwa, kwa msaada wa fundi wa shokola Mbelgiji, Dominique Persoone.

Kitu ambacho ulimi hauonji

Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia katika eneo la Beni yamewafukuza watu kutoka mashamba yao, na baadaye Irumu na Mambasa zikapatwa vilevile. Wengi waliuawa wakiwa wanavuna kakao. Wengine waliacha matunda yameiva juu ya miti, yakavunwa na watu wasiojulikana.

Vita inachukua zaidi ya shamba. Inachukua zile siku 5 za kuvundika na zile za kuanika. Mtu anayeingia shambani asubuhi akiogopa risasi hawezi kungojea wiki nzima. Anavuna haraka, hata tunda lisiloiva, anauza kakao mbichi na kukimbia. Mwizi naye anafanya hivyohivyo. Kwa sababu hiyo wakuu wa serikali walikataza biashara ya kakao mbichi, lakini bei ilipopanda mwaka 2024 na kupita dola 10,000 kwa tani kwenye soko la dunia, tamaa ilipanda nayo. Baadaye bei ilishuka, na wahami walikuwa bado kambini na kwa jamaa zilizowapokea.

Jambo hili lina mfano wa zamani. Mwaka 1909, Cadbury, Fry na wenzao waliacha kununua kakao ya kisiwa cha São Tomé, kwa sababu ilithibitika kwamba ililimwa na watu wa Angola waliofanyishwa kazi kama watumwa. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, Waingereza walikula shokola hiyo na kuisifu. Ulimi unaweza kutambua moshi na ukungu. Hauwezi kutambua kwamba kakao ilivunwa kwa nguvu, au kwamba mwenye shamba amelala chini ya hema.

Kwa hiyo swali la kuonja linahitaji swali la pili: kakao hii ni ya nani? Mnunuzi anayeuliza jina la mkulima na shamba lake, na ushirika unaoandika kila mfuko ulipotoka, wanafanya kazi ambayo muonjaji wa Brussels au London hawezi kuifanya.

Na kwa jamaa zilizo mbali na mashamba, kuna mali moja ambayo haikuchomwa. Ni ujuzi wa kujua tunda lililoiva kwa sauti ya kidole juu ya ganda, kujua joto la sanduku kwa kiganja, na kujua punje iliyokauka kwa mlio wake inapovunjwa. Wazee wanaoujua wanaweza kuwafundisha vijana hata kambini, bila mti wowote mbele yao. Siku barabara za Mbau, Eringeti na Komanda zitakapokuwa na usalama, miti itakuwa imeota magugu, lakini mikono itakuwa inakumbuka kazi.