Mkalimani wa Viziwi Mbele ya Umati

Mjambere ni mtaa wa Kisauni, katika bara ya kaskazini ya Mombasa, na wapenzi wake wa mpira ni wengi kupita viwanja vyake. Siku za mechi kubwa vijana hujikusanya bandani mbele ya televisheni moja, bega kwa bega, wakashangilia timu za mbali kama kwamba wachezaji wake ni ndugu zao wa tumbo moja. Jioni moja niliketi miongoni mwao, na kando yangu aliketi kijana kiziwi wa mtaani. Bao lilipofungwa aliruka pamoja nasi, kwa sababu bao huonekana. Mchezo wa kwanza ulipokwisha, mwenye banda alisimama akatangaza kuwa mitambo yake imeharibika, na kwamba mchezo wa pili utaonyeshwa katika banda la jirani kwa kiingilio kile kile tulichokwisha lipa. Watu wakainuka kwa kishindo kuwahi nafasi. Kijana akatutazama nyuso, akautazama mlango, akadhani pametokea hatari. Akatoka mbio mpaka kwao. Mchezo wa pili hakuuona, na fedha yake ikapotea.

Ishara moja ya mkono ingalitosha kumzuia. Katika watu wote tuliokuwapo hapakuwa na aliyeijua, nami mwalimu nilikuwa mmoja wao.

Ujinga wetu una asili yake, na asili hiyo iko mbali na Mjambere. Katika karne ya 18 padre mmoja wa Paris, Charles-Michel de l'Épée, alifungua shule ya viziwi. Hakuwaona kuwa wamekosa lugha; aliona kuwa wanayo mikononi, akajifunza kwao kabla ya kuwafundisha. Shule za namna yake zikaenea Ulaya na Marekani. Lakini mwaka 1880 walimu walikutana katika mji wa Milan, Italia, wakapiga kura kwamba viziwi wafundishwe kwa kusema na kutazama midomo, na ishara ziachwe. Wajumbe wa mkutano ule karibu wote walikuwa watu wenye kusikia. Waliopigiwa kura hawakuulizwa. Amri ile ikatawala shule nyingi za dunia kwa muda wa miaka mia hivi, na katika miaka hiyo mkalimani asingeweza kupatikana, kwa kuwa hapana ukalimani wa lugha iliyokatazwa.

Kwetu Kenya chama cha kuwasaidia watoto viziwi kiliundwa mwaka 1958, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 zikafunguliwa shule huko Mumias na Nyang'oma, upande wa magharibi ya nchi. Baadaye Mombasa nayo ilipata shule yake, Ziwani, kisiwani. Walimu wa mwanzo walikuja na desturi ya Milan. Na hapa pana jambo la kusikitisha: mwaka 1960, wakati sisi tukianza kufuata desturi hiyo, mwalimu mmoja wa chuo cha viziwi mjini Washington, William Stokoe, alichapisha uchunguzi wake ulioonyesha kuwa ishara za viziwi wa Marekani ni lugha kamili, yenye kanuni zake kama lugha yoyote. Habari hiyo haikutufikia upesi.

Watoto, hata hivyo, hawakungoja wataalamu. Darasani walitamka sauti wasizozisikia. Viwanjani, na mabwenini kabla ya taa kuzimwa, walizungumza kwa mikono. Mtoto wa Kijaluo, wa Kikuyu na wa Kidigo walikutana bila lugha ya mama iliyowatenga, wakaunda moja yao wote. Mimi nadhani hili ni mojawapo ya mambo makubwa waliyopata kuyafanya watoto wa nchi hii, na vitabu vyetu vya historia vimelipita kimya. Nje ya shule watu waliendelea kuwaita mabubu.

Katika miaka ya 1980 mambo yalianza kugeuka. Michael Ndurumo, Mkenya kiziwi aliyepata shahada ya udaktari huko Marekani, alitetea ishara zitumike darasani. Viziwi wenyewe wakaunda chama chao cha taifa. Serikali ikakubali ishara katika shule. Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza kuichunguza Lugha ya Ishara ya Kenya. Sheria ya mwaka 2003 ikazitaka televisheni ziweke mkalimani au maandishi katika habari zao, na Katiba ya mwaka 2010 ikaitaja lugha hiyo pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge. Lugha ya bwenini ikaingia katika nyumba ya kutunga sheria.

Lakini Bunge si banda la mpira. Penye umati wa mashabiki mkalimani ana kazi ngumu: ayajue majina ya wachezaji, mzaha wa mtangazaji na maneno ya nyimbo, asimame penye mwanga, viziwi wakae mbele wamwone. Mikono na akili huchoka, kwa hiyo wakalimani wawili hupokezana. Wasimamizi wengi huona gharama hii ni ya anasa. Wengine humweka mtu yeyote, almuradi mikono yake inacheza. Tarehe 10 Desemba 2013, katika uwanja wa mpira wa Johannesburg, dunia nzima ilipomwomboleza Nelson Mandela, mtu mmoja alisimama kando ya wakuu wa mataifa akipunga mikono kwa saa nyingi. Wenye kusikia walimwona fundi. Viziwi walijua mara moja kuwa hasemi neno lolote, wakalalamika. Na malalamiko yao ndiyo yaliyoufichua udanganyifu ule.

Michezo yenyewe yaweza kusema na macho. Viziwi wa mataifa 9 waliposhindana Paris mwaka 1924 walianzisha michezo inayoendelea hata leo, ambamo wakimbiaji huanza kwa taa na mwamuzi wa mpira hupunga bendera. Na kadi za njano na nyekundu, zilizotumika kwanza katika Kombe la Dunia la mwaka 1970, zilibuniwa kwa ajili ya wachezaji wenye masikio mazima wasioelewa lugha ya mwamuzi!

Kijana wa Mjambere alirudi bandani juma lililofuata. Mwenye banda alimrudishia fedha yake, akamwomba amfundishe ishara tatu: mapumziko, kuhama, na hatari. Ameishika moja. Ya kuhama na ya hatari bado huzichanganya, na kijana humcheka mbele ya watu.