Mwanamke Aliyefumaniwa na Njia Yake hadi Kwaresima

Wakatoliki wanaosikia Injili ya mwanamke aliyefumaniwa katika uzinzi, Dominika ya Tano ya Kwaresima ya Mwaka C, ni nadra kuambiwa kwamba nakala kongwe za Yohane hazina kisa hicho. Sinaiticus na Vaticanus, zote za karne ya 4, zinatoka 7:52 na kutua 8:12. Kundi jingine la nakala limekipeleka kwenye Luka, mwishoni mwa sura ya 21.

Hata hivyo kilikuwa kikisimuliwa. Katika karne ya 3 Didascalia, kitabu cha mwongozo cha Wakristo wa Siria, kilikitumia kuwabana maaskofu: asiyempokea mwenye kutubu anamkosea Mungu. Onyo hilo lilihitajika. Kule Karthago mwandishi Mkristo Tertullian alikuwa amemshambulia askofu aliyetangaza msamaha kwa wazinzi waliotubu. Kwake yeye, Kanisa halikupaswa kuifuta dhambi hiyo. Mwaka 251 padri Novatian akaligawa Kanisa la Roma kwa kukataa kurudishwa kwa walioikana imani katika mateso ya kaisari Decius.

Augustino naye, yapata mwaka 420, alidai kwamba watu wa imani haba walikinyofoa kisa chenyewe, wakichelea wake zao wasije wakakiona kama kibali cha kuzini. Wataalamu wengi leo hawamfuati. Wanasema kisa kiliongezwa baadaye. Mimi dai lake nalithamini kwa sababu nyingine. Alikuwa akijibu swali la nyumbani kabisa: je, mume anaweza kumrudia mke aliyezini akatubu? Augustino alisema anaweza, na alijua fika ni waume wa namna gani wangekunja uso.

Kwaresima wakati huo ilikuwa msimu wa watubuji. Yeronimo ametuachia picha ya mmoja wao, Fabiola, mwanamke wa ukoo mkubwa wa Roma. Alimwacha mume mwenye tabia chafu, akaolewa tena wa kwanza akiwa hai. Mume wa pili alipofariki, alisimama katika basilika ya Laterani Pasaka ikikaribia, nywele zimetimka, uso umesawijika, shingo haijaoshwa, jiji zima likimtazama. Askofu, mapadri na watu walilia pamoja naye. Kisha akarudishwa kwenye komunyo, na mali yake akaijengea wagonjwa hospitali. Mwaka 416 Papa Inosenti I aliandika kwamba desturi ya Roma ni kuwapatanisha watubuji Alhamisi ya kabla ya Pasaka.

Roma hiyohiyo ndiyo iliyokipa kisa hiki mahali pake pa kupendeza zaidi. Jumamosi ya wiki ya tatu ya Kwaresima ibada ilikuwa katika kanisa la Mtakatifu Susana, na kisa kikasomwa sambamba na habari za Susana wa kitabu cha Danieli. Mmoja hana hatia, mwingine anayo; wote wawili wamezungukwa na washitaki wanaotaka afe, na wote wawili wanatoka hai. Aliyepanga masomo hayo alikuwa na jicho kali.

Mpangilio mpya wa masomo ya Misa wa 1969 uliihamishia jozi hiyo Jumatatu ya wiki ya tano, ukaongeza ile Dominika ya Mwaka C. Kabla ya hapo, Mkatoliki aliyekwenda Misa Jumapili tu hakuwahi kusomewa kisa hicho kanisani.