Nguvu bila mshiko

Wadau, leo tuweke siasa pembeni, tuzungumzie magari. Nikisema mshiko sina maana ya ule wa mwisho wa mwezi. Nazungumzia jinsi tairi linavyoing'ang'ania lami.

Mwaka 1964 kampuni ya Pontiac ya Marekani ilitoa gari lililoitwa GTO. General Motors, kampuni mama, ilikuwa imekataza injini kubwa kwenye magari ya ukubwa wa kati. John DeLorean, mhandisi mkuu wa Pontiac, na wenzake wakapata upenyo: injini ya inchi za ujazo 389 ikauzwa kama nyongeza ya hiari kwenye gari la kawaida la Tempest. Nguvu za farasi 325! Mwaka wa kwanza yakanunuliwa zaidi ya magari 32,000, na washindani nao wakaingia mchezoni.

Tatizo likawa moja. Injini nzito iko mbele, magurudumu yanayosukuma yako nyuma, na matairi ya enzi hizo yalikuwa membamba. Kijana akikanyaga mafuta taa ikiwaka kijani, matairi ya nyuma yanazunguka palepale. Moshi mwingi, safari hakuna.

Dawa ya kwanza ilikuwa difu. Kama umewahi kuona gari limekwama kwenye tope wakati wa masika, tairi moja linazunguka kama feni na lenzake limetulia tuli, basi kasoro ya difu ya kawaida unaijua. Packard walikuwa wameshaleta difu inayobana magurudumu yote mawili mwaka 1956. Pontiac na Chevrolet nao wakawa na ya kwao, ila uiongezee hela.

Dawa ya pili ilikuwa springi. Mengi ya magari haya yalitumia springi za mabamba kama za lori. Nguvu ikija ghafla, ekseli inajipinda, springi inakunjwa kisha inafyatuka, na tairi linarukaruka. Camaro ya 1967 ilikuwa na bamba moja tu kila upande. Mwaka 1968 Chevrolet wakaweka shokapu moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake, na matoleo yenye nguvu yakapewa mabamba zaidi.

Chrysler ndio walivuka mpaka. Mwaka 1965, kwenye magari machache ya mashindano, walisogeza magurudumu ya nyuma mbele kwa inchi 15, na ya mbele kwa inchi 10, ili uzito uangukie nyuma. Yalionekana kituko, ndipo likazaliwa jina la "magari ya kuchekesha".

Mimi kinachonigusa ni hiki: matangazo yaliimba farasi, habari ya kuwadhibiti farasi hao ikaachiwa mnunuzi. GTO ya 1964 ilikuwa na breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne. Mwaka 1965 Ralph Nader akachapisha kitabu kuhusu hatari za magari ya Marekani, na mwaka 1966 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya usalama wa magari.

Leo anayefufua gari kama hilo huambiwa aanze na matairi mazuri, kisha difu, kisha springi. Injini mwisho. Viwandani walianzia mwisho.

Tafakari.