Jiwe Kama Matini: Kumbukumbu za Wanawake Waliopinga Unazi katika Barabara za Ujerumani

Kumbukumbu iliyowekwa barabarani ni matini isiyochagua wasomaji wake. Kitabu husubiri kufunguliwa, ilhali jiwe humkabili mpita njia hata kama hakulikusudia. Kwa sababu hiyo, mhakiki ana haki ya kuuliza jiwe linadai nini, na ikiwa madai hayo yanaafikiana na tukio lenyewe. Makala haya yanalichunguza suala hilo kwa kulinganisha kumbukumbu mbili za matukio ya mwaka 1943, wakati Ujerumani ilipokuwa vitani chini ya udikteta wa Wanazi.

Ya kwanza ipo Munich. Tarehe 18 Februari 1943, Sophie Scholl, mwanafunzi wa umri wa miaka 21, alikamatwa pamoja na kaka yake Hans wakisambaza karatasi za kuupinga utawala katika jengo la chuo kikuu. Tarehe 22 walihukumiwa na kuuawa siku iyo hiyo. Leo, mbele ya jengo hilo, mifano ya karatasi hizo imepachikwa katika sakafu ya mawe, kana kwamba imeanguka sasa hivi. Hapa kumbukumbu ni maandishi ya wapinzani wenyewe, na mwanamke anayekumbukwa ana jina.

Ya pili ipo Berlin, na hali yake ni tofauti. Tarehe 27 Februari, siku tano tu baada ya vifo vya Munich, polisi waliwakamata maelfu ya Wayahudi waliokuwa wamesalia mjini. Wapatao 2,000, wengi wao wanaume waliooa wanawake wasio Wayahudi, walizuiliwa katika jengo la mtaa wa Rosenstrasse. Wake zao walikusanyika nje, wakaondoka na kurejea kwa siku kadhaa, wakidai waume zao warudishwe. Hawakuwa na chama wala maandishi. Silaha yao ilikuwa sauti. Kuanzia tarehe 6 Machi wafungwa walio wengi waliachiliwa, na hata wanaume 25 waliokwisha kupelekwa Auschwitz walirudishwa.

Mwaka 1995 sanamu za Ingeborg Hunzinger, mchongaji ambaye mama yake alikuwa wa asili ya Kiyahudi, zilizinduliwa karibu na mahali hapo. Wanawake wamechongwa katika mawe makubwa mekundu, miili yao ikishikamana na jiwe hata isiweze kutenganishwa nalo. Kando, mwanamume wa jiwe ameketi juu ya benchi akitazama kwingine: ni taswira ya umma ulioona ukanyamaza. Maandishi ya jiwe yanatangaza kwamba uasi wa raia na mapenzi hushinda mabavu ya udikteta.

Tangazo hilo ndilo lenye utata. Mwanahistoria Nathan Stoltzfus anashikilia kwamba ni maandamano hayo yaliyowaokoa wanaume. Wolf Gruner, kwa upande wake, anahoji kwamba polisi hawakuwa na mpango wa kuwahamisha wafungwa hao wakati huo, bali kuwaorodhesha na kuteua miongoni mwao wafanyakazi wa kuchukua nafasi za Wayahudi wengine waliokuwa wakihamishwa. Iwapo hoja ya Gruner ni sahihi, maandishi ya jiwe yametia chumvi.

Hata hivyo, sanamu zenyewe hazisimulii ushindi. Zinaonyesha kusimama. Wanawake wale hawakujua mpango wa polisi, wala hawakujua kama wangepigwa risasi. Walichojua ni kwamba treni zilikuwa zikiondoka. Sophie Scholl hakufaulu kuuangusha utawala, na hakuna anayempunguzia heshima kwa hilo. Kuwapima wanawake wa Rosenstrasse kwa matokeo peke yake ni kuwadai zaidi ya anavyodaiwa yeye. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Maandishi ya jiwe yanaweza kusahihishwa na wanahistoria. Ushujaa uliochongwa ndani yake hautegemei sahihisho hilo.