Pua ya paka na tone la wino

Samahanini wadau kwa kimya, habari za bajeti zilinimaliza. Leo siasa tuziweke kando, naandika kuhusu pua ya paka.

Jirani yangu ana paka aliyevimba pua mpaka uso ukapinda. Kila anayemwona anasema kansa, adungwe sindano apumzike. Nikaanza kuchimba, mazoea ya kazi, nikakuta kuna fangasi iitwayo kriptokokasi inayovimbisha pua ya paka vilevile, kisha hupanda hadi machoni na kwenye ubongo. Ila hii inatibika, kwa vidonge vya miezi mingi.

Mwaka 1894 huko Ujerumani, Otto Busse na Abraham Buschke waliikuta kwenye mfupa wa mguu wa mwanamke. Mwaka huohuo Mwitaliano Francesco Sanfelice akaipata kwenye juisi ya tunda. Mmarekani Chester Emmons akaipata kwenye udongo, na mwaka 1955 kwenye kinyesi cha njiwa. Kumbe paka huivuta na vumbi!

Kipimo cha zamani ndicho kilichonikosha. Majimaji ya mgonjwa yanachanganywa na tone la wino mweusi, yanatazamwa kwa hadubini. Chembe za wino hazipenyi koti nene linaloizunguka fangasi, hivyo kila seli inaonekana na duara jeupe gizani. Tatizo, fangasi ikiwa kidogo wino hauioni, na kuiotesha maabara huchukua siku kadhaa.

Mwaka 1963 Bloomfield, Gordon na Elmendorf wakaja na punje ndogo za mpira zilizopakwa kingamwili. Zikikutana na vipande vya lile koti, zinagandana. Kwa kuwa kinachosakwa ni fangasi yenyewe, si namna mwili unavyopambana nayo, kipimo hakijali kama damu ni ya mtu au ya paka.

Na hapa si mambo ya paka tu, jamani. Fangasi hiihii huua watu wenye VVU kwa homa ya uti wa mgongo. Utafiti wa Tanzania na Zambia uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kuwa kuwapima mapema wenye kinga iliyoshuka sana, pamoja na kuwatembelea nyumbani, kulipunguza vifo kwa asilimia 28.

Jirani nimemweleza yote haya jana usiku, kibarazani. Jumatatu tunampeleka paka akachukuliwe majimaji ya pua na damu. Sindano imeahirishwa.