Dadu Mbili Zilizofichwa: Asilimia 90 Isiyokuwa 90

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi za watu zimenibana. Leo naweka kando hifadhidata na seva, niwasimulie juu ya uongo mdogo ulionifurahisha kwa miaka bila mimi kujua. Baadaye uongo huo huo karibu unifanye niwadanganye watu wa chama chetu.

Gemu yenyewe ni Fire Emblem. Kwa asiyeijua, ni gemu ya mbinu za vita kutoka Japani. Inatengenezwa na kampuni ya Intelligent Systems na kutolewa na Nintendo, na ya kwanza ilitoka 1990. Uwanja umegawanywa miraba kama ubao wa drafti. Unasogeza askari wako, adui naye anasogeza wake. Utamu wake, na uchungu wake, ni kwamba kwa kawaida askari akifa amekufa. Harudi tena hata ukimlilia.

Kabla ya kila pambano, kioo kinakuonyesha hesabu: pigo litapunguza nguvu kiasi gani, na uwezekano wa kumpata adui ni asilimia ngapi. Mimi nilizicheza zile za Game Boy Advance kwenye kompyuta, kwa kutumia emuleta, yaani programu inayoigiza kifaa hicho. Nilipoona 90 nilishambulia bila wasiwasi, na karibu kila mara nilipata. Nikajiona jemadari hodari. Sikujiuliza hata siku moja: kama 90 ni 90 kweli, mbona sikosi mara moja katika kila kumi?

Jibu limo ndani ya programu yenyewe. Katika gemu za kwanza za mfululizo huu, hesabu ilikuwa ya moja kwa moja. Mashine ilichagua nambari moja ya nasibu kati ya 0 na 99. Ikiwa ndogo kuliko ile asilimia ya kwenye kioo, umepata. La sivyo umekosa. Mwaka wa 2002, kwenye The Binding Blade ya Game Boy Advance, watengenezaji walibadilisha jambo moja bila kuligusa lile linaloonekana kiooni. Mashine sasa ilichagua nambari mbili, ikatafuta wastani wake, na kulinganisha wastani huo na asilimia.

Wachezaji waligunduaje? Kwa subira ya mpelelezi. Emuleta hukuwezesha kuchungulia kumbukumbu ya kifaa wakati gemu inaendelea. Na nambari za nasibu za kompyuta si nasibu halisi: ni mfuatano unaozalishwa kwa hesabu, kila moja ikimzaa inayofuata. Ukirudi ulipohifadhi gemu na kufanya hatua zile zile, unapata matokeo yale yale. Kwa hiyo watu waliandika mfuatano huo, wakapigana, kisha wakahesabu ni nambari ngapi zimeliwa. Kujua kama pigo limepata kulikula mbili. Kujua kama ni pigo la hatari, lile linaloumiza mara tatu, kulikula moja tu. Hapo siri ikafichuka.

Nilipolisoma hilo sikuamini, nikaandika programu fupi. Sikuhitaji hata kubahatisha chochote, kwa sababu jozi zote za nambari kutoka 0 hadi 99 ni 10,000 tu. Nilizipitia zote, nikapata haya:

Kioo kikisema 10, ukweli ni 2.10.
Kioo kikisema 20, ukweli ni 8.20.
Kioo kikisema 50, ukweli ni 50.50.
Kioo kikisema 70, ukweli ni 82.30.
Kioo kikisema 80, ukweli ni 92.20.
Kioo kikisema 90, ukweli ni 98.10.

Sababu yake unaijua kama umewahi kurusha dadu mbili. Jumla ya 7 hutokea kwa njia 6 kati ya 36, lakini 12 hutokea kwa njia moja tu. Wastani hukimbilia katikati na kukwepa pembeni. Kwa hiyo kubwa huwa kubwa zaidi, na ndogo huwa ndogo zaidi. Sheria hiyo humhusu adui pia. Lakini kwa kawaida askari wako ndio wenye asilimia za juu na adui ndio wenye za chini, basi faida inakuja kwako.

Kwa nini wafiche? Hapa inatupasa tutazame gemu nyingine, Civilization ya Sid Meier, iliyotoka Marekani 1991. Ndani yake vita viliamuliwa kwa mkato mmoja: mmoja anaangamia, mwingine anabaki mzima. Ndiyo maana wachezaji walisimulia kwa hasira jinsi askari wa mikuki wa kale alivyoizamisha manowari ya chuma. Civilization II ya 1996 ikaleta dawa. Kila kikosi kilipewa kiasi cha uhai, na pambano likawa mfululizo wa mapigo madogo madogo hadi mmoja aishiwe. Bahati mbaya ya pigo moja ikafidiwa na mapigo mengine, na mnyonge akashinda kwa nadra.

Ukitazama vizuri, dawa ni ile ile: ongeza dadu, bahati itulie. Ila Civilization II iliweka mapigo yake wazi mbele ya mchezaji, Fire Emblem ikanyamaza.

Mwaka wa 2010, akihutubia mkutano wa watengenezaji gemu huko San Francisco, Meier alieleza waliyoyaona walipokuwa wakijaribu Civilization Revolution. Mchezaji mwenye nguvu 3 dhidi ya 1 hakukubali kabisa kwamba atashindwa mara moja katika nne. Alikubali kushindwa mara kwa mara akiwa na 2 dhidi ya 1, lakini akiwa na 20 dhidi ya 10 aliona ameonewa, ingawa uwiano ni ule ule. Basi waliirekebisha gemu ifuate hisia hizo, hata kuhakikisha mtu hashindwi mfululizo kupita kiasi. Binadamu akiambiwa 90, moyoni anasikia "hakika". Fire Emblem iliusikiliza moyo huo.

Sasa nije kwetu. Chama chetu kina watu 12, na kila mwaka tunapanga zamu za kupokea fedha kwa kura. Mimi ndiye fundi, nikaandika programu ya kuchanganya majina. Mwaka wa pili, mama mmoja aliyekuwa wa mwisho akawa wa mwisho tena. Aliniangalia akasema, "Kijana, hiyo mashine yako ina watu wake." Nilimweleza kwamba jambo hilo hutokea mara moja katika 12. Hakutaka hesabu. Alitaka karo ya mtoto, ambayo haingojei Desemba.

Usiku ule nilifungua programu nikiwa na nia ya kuongeza mstari mmoja: aliyekuwa wa mwisho mwaka huu asishuke chini ya nafasi ya sita mwaka ujao. Hakuna ambaye angejua. Wote wangefurahi, kama nilivyofurahi mimi na 90 yangu.

Nilisita. Katika gemu, anayedanganywa ni mimi, na nikigundua nacheka. Katika chama, siku mtu akigundua kuna mstari wa siri, hatauliza kama ulikuwa wa haki. Atauliza ni mistari mingapi mingine imefichwa. Na atakuwa na haki.

Mkutano uliofuata nilisimama, nikasema kura ya kweli wakati mwingine huuma, nikaeleza mstari niliotaka kuuongeza. Wakajadiliana, wakapiga kura, katibu akauandika katika kumbukumbu. Ndipo nikaenda nikauandika katika programu.

Mstari ni ule ule. Tofauti ni kwamba sasa watu 12 wanaujua. Yule mama mwaka uliofuata alipata nafasi ya tano, na hakusema tena kwamba mashine ina watu wake.

Tuonane wakati mwingine.